Karibu ya Pili

Nchi ya Takrimia haipakani na yetu. Kama inapakana, basi ni kule upande ambao barabara yake bado iko kwenye mchakato, kwa hiyo hakuna atakayekwenda kuhakikisha. Msomaji atakayeona amemfananisha mtu humu ndani ajilaumu mwenyewe, na pia aangalie watu anaokaa nao.

Watakrimia ni watu wa heshima kupita kiasi. Huko mtu haanzi kula kabla hajatazama kama kuna anayepita, ili amwambie, "Karibu chakula!" Na huyo anayepita, hata kama hajatia kitu mdomoni tangu jana, hujibu, "Asante, nimeshiba," akaenda zake akimeza mate. Ndivyo walivyolelewa. Mwenye chakula amepata sifa ya ukarimu, mpita njia amepata sifa ya kutosheka, na chakula kimebaki palepale kwenye sahani. Serikali ya nchi hiyo iliupenda mno utaratibu huu, ikaona unafaa kuendeshea mambo mengi: hospitali, mikopo ya vijana, na wakati mwingine hata uchaguzi.

Basi Benki ya Mikono Miwili ilipoanza kutoa kadi za mkopo, ikaziita Kadi za Karibu. Ukinunua kitu kwa kadi, benki inakulipia, nawe unairudishia baadaye. Na kila ukinunua unapata pointi, na pointi zikijaa unapewa zawadi. Ukutani likabandikwa bango la mwanamke mwenye meno mengi kuliko kawaida: KARIBU, JIZOLEE POINTI! JISIKIE NYUMBANI! Kitabu cha zawadi kilianza na kikombe cha plastiki, ukafuata mwavuli, ikafuata sufuria, na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa kulikuwa na picha ya Ukumbi wa Dhahabu, pamoja na chakula cha wageni wote na keki iliyomzidi bwana harusi kimo.

Ukurasa huo uliwekwa kupendezesha kitabu tu. Kila mtu pale benki alilijua hilo, tangu mlinzi hadi mwenyekiti. Aliyekuwa halijui ni Bi Sikujua.

Bi Sikujua wa mtaa wa Bomba Mbili alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa haki, mwenye sauti ya kengele na mkoba usiofunguka mbele za watu. Kazi yake ilikuwa kushona sare, lakini sifa yake ilikuwa uweka hazina wa kamati za harusi. Maana Takrimia harusi haifungwi na watu wawili. Inafungwa na kamati. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna vikao kila Jumapili ambavyo bia zake peke yake zingetosha kuoza mabinti wawili. Na kamati zote za mtaa zilimchagua Bi Sikujua kwa sababu moja: harusi ikiisha, yeye hubaki na viatu vilevile.

Michango ilimjia kwenye simu. Yeye akamlipa mpishi kwa kadi, maturubai kwa kadi, matarumbeta kwa kadi, na jioni ileile akairudishia benki hela yake yote. Pointi zikawa zinamiminika. Kikombe akakipita, mwavuli akaupita, sufuria hata hakuitazama. Kisha akanogewa. Dukani akawa anasimama karibu na keshia, akiona mtu anatoa noti anamdaka mkono: "Mwanangu, hiyo nipe mimi, nikulipie kwa kadi." Akienda msibani alilia kwa uchungu wa kweli, halafu akimaliza kulia anamwinamia mfiwa sikioni. "Pole sana, baba. Jeneza limeshalipiwa, au nipitishe kwenye kadi?"

Watu walimcheka, lakini mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Kwa miaka mingi alikuwa mchumba wa Bwana Feruzi, fundi redio, mtu mpole ambaye uvumilivu wake ulikuwa umeanza kuota mvi. Kila walipopanga kuoana, harusi ya mtu mwingine iliwatangulia, na mweka hazina ni nani? Mwishowe Bi Sikujua akajipa moyo, akasimama kwenye kikao, akaomba iundwe kamati yake mwenyewe. Watu wakacheka mpaka viti vikateleza. Aliyecheka zaidi ni jirani yake Mama Chausiku, ambaye binti zake wote waliolewa kwa hesabu za Bi Sikujua. "Shoga yangu, umri huo shela ya nini? Nendeni bomani mkaandikishane, mrudi mnywe chai!"

Bi Sikujua alicheka nao. Alipofika nyumbani akalia kwa kwikwi, kisha akafungua kitabu cha zawadi, ukurasa wa mwisho.

"Si keki ninayoitaka, Feruzi," alimwambia mchumba wake. "Nimekula kwenye harusi za watu mpaka nimeota kitambi. Nataka siku moja tu nisimame mlangoni, niseme karibuni, na watu waingie kweli."

"Basi wataingia," akasema Feruzi.

Siku pointi zilipotimia, Bi Sikujua alikwenda benki, akaweka kitabu mezani, akakilaza wazi kwenye ukurasa wa mwisho. "Naomba huu," akasema. "Jumamosi ijayo."

Meneja wa benki, Bwana Kilasara, alipata kikohozi ambacho hakikuisha mpaka alipofika kwa Waziri.

Waziri wa Fedha na Adabu, Mheshimiwa Ngongoti, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa benki, na mwenyekiti wa vitu vingine kadhaa ambavyo havijapatiwa majina. Alimpokea Meneja akinywa chai.

"Mheshimiwa," Meneja akasema, "kuna mteja amefika ukurasa wa mwisho."

Mheshimiwa akaweka kikombe chini. "Amefikaje?"

"Kwa kutumia kadi, Mheshimiwa."

"Nani alimruhusu?"

"Sisi wenyewe. Tulimwambia karibu."

"Anachelewa kulipa?"

"Hajawahi, Mheshimiwa. Analipa jioni ileile."

"Kwa hiyo riba yetu kwake ni kiasi gani?"

"Haifiki hata ya sukari hiyo."

Mheshimiwa alilitazama bakuli la sukari kwa huruma, kama mtu anayetazama yatima. "Huyu mwanamke ni hatari kwa uchumi," akasema. "Anatumia kadi kama tulivyomwelekeza!"

Wakakata shauri palepale kumfungia akaunti, na ili asionekane ameonewa peke yake, wakaamua kufungia kila mtu aliyewahi kupita mwavuli. Na kwa kuwa Takrimia hakuna jambo linalofanyika bila kuzinduliwa, ukaandaliwa Uzinduzi Rasmi wa Ufungaji wa Akaunti. Pakapigwa turubai. Zikagawiwa fulana. Matarumbeta yakaja, yaleyale aliyokuwa akiyalipia Bi Sikujua kwa kadi, na wapigaji walipomwona wakampungia mikono kwa furaha, wakidhani kuna harusi.

Bi Sikujua akasimamishwa mbele ya meza kuu. Mheshimiwa Ngongoti akavaa miwani.

"Jina lako?"

"Sikujua."

"Hukujua jina lako?"

"Nalijua, Mheshimiwa. Sikujua."

Mheshimiwa akamgeukia Meneja. "Andika kwamba amekiri hakujua. Hilo linampunguzia kosa."

Meneja akamnong'oneza kwamba Sikujua ndilo jina lenyewe.

"Basi mrudishieni kosa lake," akasema Mheshimiwa. "Wewe, mama, unashtakiwa kwa ulafi wa pointi. Unasemaje?"

"Mlisema karibu, jizolee," akajibu Bi Sikujua. "Nikajizolea."

Mheshimiwa akasimama. Alikuwa mtu mrefu, na alipokuwa na la kusema alirefuka zaidi. "Ndugu wananchi! Tumefika wapi? Babu zetu walisema karibu, na babu zetu wengine wakajibu wameshiba, na nchi hii ikasimama imara! Leo benki inamkaribisha mtu kwa heshima zote, yeye anavuta kiti! Ananawa mikono! Anakula mpaka mwisho wa kitabu! Mama, hukuona kwamba ile karibu ilikuwa ya mdomoni?"

"Ilikuwa ukutani, Mheshimiwa. Kwa herufi kubwa."

Watu wakaguna. Mheshimiwa akaona hapo pana ufa, na ufa wa sheria huzibwa kwa sheria, basi akatunga moja palepale, akaitia saini juu ya mgongo wa Meneja. Ikaitwa Sheria ya Karibu. Ilisema kwamba karibu ya kwanza ni ya heshima, na yeyote atakayeiitikia ana hatia ya ulafi. Karibu ya kweli ni ya pili. Mtu akishakaribishwa mara ya pili ana haki ya kuingia, kukaa na kula, na mwenyeji atakayemzuia atatangazwa kwa kipaza sauti sokoni kwamba ni mchoyo.

Watakrimia wakatetemeka. Huko mtu aweza kuitwa mwizi akacheka, lakini kuitwa mchoyo ni kuhama mtaa.

"Na benki," akamalizia Mheshimiwa, "ilisema karibu mara moja tu."

"Lakini harusi yangu ni Jumamosi," Bi Sikujua akasema, na sasa ile kengele ya sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nimeshaalika watu."

"Waambie mwaliko ulikuwa wa heshima."

Ukaletwa mto wa hariri, juu yake mkasi wa dhahabu. Matarumbeta yakapiga. Mheshimiwa, aliyekuwa pia mgeni rasmi, akaikata Kadi ya Karibu vipande viwili, watu wakapiga makofi kwa mazoea, na Meneja akatangaza kwamba pointi zote za Bi Sikujua zimerejea katika asili yake, yaani hazipo.

Bi Sikujua alirudi nyumbani kwa miguu. Akakaa kwenye mkeka na shela yake mapajani, shela aliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Feruzi alikuwa kibarazani, amefungua redio ya mtu, anaitafutia ugonjwa.

"Tutakwenda bomani," akasema Feruzi kwa upole. "Tutakunywa chai."

"Na hao niliowaalika?"

Feruzi aliirudia redio. Aliunganisha waya, akapuliza.

Wakati huo mjini kulikuwa na kizaazaa. Watu waliokatiwa kadi kwa sababu ya sufuria walikuwa wamehamaki, na watu waliokuwa bado hawajakatiwa walikuwa wameingiwa na hofu, na wote wakajazana mlangoni mwa benki kudai hela zao. Mheshimiwa Ngongoti akakimbilia redioni kuwatuliza. Na redio aliyokuwa akiitengeneza Feruzi ilipopata uhai, ilikuwa katikati ya hotuba.

"...msisikilize uzushi, ndugu zangu! Benki ya Mikono Miwili si ya Ngongoti, ni nyumba yenu! Fikeni hata Jumamosi hii, milango itakuwa wazi! Karibuni! Narudia: karibuni! Ingieni, kaeni, jisikieni nyumbani!"

Feruzi akaganda, waya mkononi.

"Sikujua," akaita. "Amesema narudia."

"Kuna kiongozi asiyesema narudia?"

"Karibu ya pili hiyo, mama! Ya kisheria! Ametukaribisha nchi nzima mara mbili, na siku kaitaja mwenyewe!"

Bi Sikujua akainua kichwa. Kwanza aliangalia redio, kisha akaangalia shela, kisha akaachia kicheko kikubwa mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Habari ilienea Bomba Mbili kabla chai haijapoa. Jumamosi alfajiri Bi Sikujua aliposikia hodi, alimkuta Mama Chausiku mlangoni na sufuria kubwa kichwani, ile ya zawadi ya benki, yenye picha ya mwanamke wa meno mengi. Mama Chausiku hakuingia. Alisimama palepale, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Mwenzangu, nilikucheka."

"Ulicheka sana."

"Nisamehe. Na mimi wamenikatia kadi, kisa sufuria hii." Akaigusa sufuria kichwani. "Mchele niuweke wapi?"

Bi Sikujua alitaka kumwambia pa kuuweka. Alikuwa na jibu lililokomaa vizuri. Lakini alipomtazama yule jirani, na jasho likimtiririka chini ya sufuria, jibu likamkimbia. "Karibu," akasema. Kisha akamshika mkono, akamvuta ndani. "Karibu, Mama Chausiku."

Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, kila mmoja na alichozawadiwa na benki: hawa vikombe vya plastiki, hawa miavuli, hawa sufuria, na wasio na zawadi wamebeba kuni, vitunguu na mbuzi mmoja asiyejua kinachoendelea.

Benki ilipofunguliwa, bibi harusi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mlinzi akatazama shela, akatazama masufuria, akatazama matarumbeta. Bi Sikujua akamuuliza kama juzi alisikiliza redio. Mlinzi akafikiri kidogo, akaisimamisha bunduki ukutani, akafungua milango yote miwili.

Meneja Kilasara akaja mbio, tai begani. "Hii ni nini? Hii ni benki!"

"Wamekaribishwa mara mbili, bosi," mlinzi akasema. "Ukiwazuia, jioni unatangazwa sokoni."

Meneja akakimbilia ofisini kumpigia simu Mheshimiwa. Ndani ya muda huo mfupi maturubai yakatandikwa sakafuni, miavuli ya zawadi ikafunguliwa na kuning'inizwa darini kama mapambo, na mfungishaji ndoa akapewa kiti kwenye meza ya Huduma kwa Wateja, akasema ni mara yake ya kwanza kuona mtu amekaa hapo. Bi Sikujua na Bwana Feruzi wakaoana chini ya bango la mwanamke mwenye meno mengi, ambaye safari hii alionekana anacheka kwa haki.

Kilichofuata, wale waliokuwepo wanakieleza kila mtu kwa namna yake, lakini wote wanakubaliana kuhusu foleni. Kwa kuwa watu walikuwa wengi, Mama Chausiku aliamuru kila mgeni achukue namba kwenye ile mashine ya mlangoni, na ile sauti ya kike ya kwenye dari ikawa inaita kwa adabu zake zote: "Mteja namba kumi na tisa, tafadhali nenda dirisha la tatu." Dirisha la tatu palikuwa na pilau. La nne palikuwa na kachumbari. La kwanza, lililoandikwa Fedha za Kigeni, palikuwa na mbuzi, ambaye sasa alishajua kinachoendelea. Wateja wa miaka mingi walitokwa na machozi. Hawakuwahi kuyaona madirisha yote yamefunguliwa kwa wakati mmoja.

Na mlangoni, ndani ya shela ya mabaki ya sare, alisimama Bi Sikujua. Kila aliyefika alimwambia karibu, akamshika mkono, akamwambia tena karibu. Na watu wakaingia. Waliingia waliomcheka na wasiomjua, waliokuja kudai hela na waliokuja kuuliza tu saa za kazi, na kila aliyeingia alimfanya Bi Sikujua acheke na kufuta macho kwa wakati mmoja. Hata Meneja, alipotoka ofisini na harufu ya pilau ikampata usoni, alikaribishwa mara mbili kwa utaratibu. Akafungua tai, akachukua namba.

Ni wakati huo gari la Mheshimiwa Ngongoti lilipofunga breki nje.

Mheshimiwa alikuwa ametoka nyumbani kabla ya kifungua kinywa. Alikuwa ameshahutubia mahali pawili, na alikuwa amekuja kwa hasira, nayo hasira huchimba tumbo. Alipanda ngazi kwa hatua ndefu, waandishi wa habari nyuma yake na kamera zao, akafika katikati ya ukumbi akiwa ameshainua kidole. Hapo pilau ikamkaribia puani. Kidole kikabaki hewani, kikakosa la kusema.

Matarumbeta yakanyamaza. Bi Sikujua alikuwa ndiyo kwanza ameketi kula, sahani yake imejaa. Alimwona, akamaliza kutafuna, akasema kwa ile sauti ya kengele, sasa nzima kabisa:

"Mheshimiwa Waziri, karibu chakula."

Kamera zote zikamgeukia Mheshimiwa. Kila mtu pale aliijua sheria, na Meneja alikuwa bado na alama ya wino mgongoni. Mheshimiwa akatazama nyama. Akatazama kamera. Akateremsha kidole polepole.

"Asante," akasema. "Nimeshiba."

Tumbo lake likanguruma kukanusha, kwa sauti iliyofika hadi dirisha la tatu.

Akabaki amesimama, mikono ameikunja mbele kama mtoto aliyefundishwa vizuri, akimtazama Bi Sikujua kwa macho ya kungoja. Watu nao wote wakamtazama Bi Sikujua. Lilikuwa limebaki neno moja tu, nalo lilikuwa lake.

Bi Sikujua akachukua tonge jingine. Akalitafuna taratibu, akalimeza, akajifuta mdomo kwa pembe ya shela. Kisha akamgeukia mumewe.

"Feruzi," akasema, "hebu niongezee nyama."